Sala ya Kuazima

Kila asubuhi, kabla dirisha la duka la ushonaji halijafunguliwa, palikuwa na kazi tatu: kufagia vipande vya nyuzi, kutia mafuta cherehani, na kusali. Mbili za kwanza zilikuwa za Sindano. Ya tatu ilikuwa ya mama yake. Mama aliweka mkono juu ya gurudumu la cherehani, akafumba macho, akaanza, na sala yake ilikuwa ileile kila siku. Sindano alisimama na fagio lake akingoja mwisho. Ikiisha anasema amina, kazi inaendelea.

Jina hilo alipewa na wateja kwa wembamba wake. Miaka kumi na mitatu yote alikuwa mtu wa amina tu, na hakuna aliyewahi kumwuliza zaidi ya hapo.

Halafu mama akaugua figo, akalazwa, akafa. Dukani akaingia mama mdogo, mdogo wake marehemu, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usio na breki. Mteja akimwuliza Sindano yuko darasa la ngapi, mama mdogo anajibu la saba, tena juzi kashika namba nne. Lakini kusali hakuweza. Alijaribu siku mbili, akaishia kulia, akaacha. Ikawa wanafungua dirisha kimya kimya kama watu waliogombana.

Sasa, kabla ya kuugua, mama alikuwa amemwandikisha Sindano darasa la ubatizo. Kanisani kwao hawabatizi watoto wachanga. Unasoma miezi sita, na Jumamosi ya mwisho unaingia kwa mchungaji peke yako, mzazi anabaki nje, unaeleza kwa maneno yako kwa nini unataka kubatizwa. Kesho yake unaingia majini. Watoto waliiogopa Jumamosi hiyo kuliko mtihani.

"Mimi baba kaniandikia ukurasa mzima," alisema Domo, msichana aliyekaa naye dawati moja. "Nimeukariri mpaka nukta. We utasema nini?"

"Sijui."

"Hujui nini? Mama yako alivyokuwa anasali, mteja anayengoja nje anasahau hata suruali aliyoifuata. Si useme sala yake? Imekaa bure."

Sindano alitaka kukasirika, akashindwa. Ukweli ni kwamba hakuwa na neno. Alikuwa na hasira tu, hasira yenyewe na Mungu, na hiyo utaipelekaje kwa mchungaji? Lakini mama alitaka abatizwe. Asipobatizwa ataonekana amemwangusha marehemu, na marehemu huwezi kumfuata ukamweleza. Sala ile alidhani anaijua yote. Basi akaamua.

Mchungaji siku za kazi alikuwa seremala, na hata Jumamosi kucha zake zilikuwa na rangi ya vanishi. Mama mdogo alibaki nje kwenye benchi.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Haya, nakusikiliza."

Sindano akafumba macho. "Bwana, nimekuja tena mbele zako na mikono yangu hii. Nilikuwa sina pa kulala, ukanipa paa..." Maneno yalitoka yenyewe. Sauti yake ilipanda na kushuka palepale mama alipopandisha na kushusha. "Wabariki watakaovaa nguo ninazoshona. Na huyu mwanangu mmoja uliyenipa..."

Akakwama. Akafumbua macho.

Mchungaji hakucheka. "Malizia."

"Siwezi."

"Hiyo sala naijua. Aliisali hospitali, mimi nimekaa pembeni ya kitanda. Mwisho wake anasema, 'Nitamfikisha mlangoni, Bwana, lakini kuingia aingie mwenyewe.'"

Sindano alikuwa ameyasikia maneno hayo kila siku ya maisha yake. Tatizo ni kwamba yalikaa mwisho kabisa, jirani na amina, na yeye saa hiyo mawazo yalikuwa kwenye fagio.

"Hayo ni ya mama yako," alisema mchungaji. "Nataka ya kwako."

"Ya kwangu sina. Na nimemkasirikia Mungu. Tulimwomba amponye, akamchukua. Nitasemaje nampenda?"

Mlango ukafunguliwa. "Mchungaji, samahani," mama mdogo alikuwa ameshaingia, "huyu ana uchungu tu. Anaamini sana. Mama yake alitaka..."

"Mama, nimemwuliza yeye."

"Lakini mimi ndiye mlezi."

"Wa chakula, wa nguo, wa shule, na Mungu akubariki. Hili ni lake." Akamgeukia Sindano. "Unataka kubatizwa kesho, au bado? Ukisema bado, sitakununia. Ila jibu litoke kwako."

Macho ya mama mdogo yalikuwa yanambembeleza. Kuitikia kwa kichwa tu, basi, yangeisha.

"Bado," alisema Sindano.

Jumapili alikaa benchi la tatu akiangalia wenzake kumi na mmoja wakiingia majini. Domo alitoka anakohoa. Nyuma yake mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Masikini, mama yake angeona aibu." Sindano akainama, akabana meno. Mama mdogo hakumsemesha kutwa nzima, na ukimjua mama mdogo utajua huo ulikuwa ukimya wa kilo ngapi.

Jumatatu mama mdogo alitoka mapema kununua nyuzi. Sindano alibaki peke yake dukani. Alijaribu kuanza sala ya mama, mdomo ukagoma. Akakaa chini.

"Mungu, ni mimi," alisema. "Sijui nianzie wapi. Nimekukasirikia. Mama alikuomba kila siku. Sijui hukusikia, au ulisikia ukakataa. Ila sina mwingine wa kumwambia."

Haikuwa sala nzuri. Alilia mpaka kamasi, na hakuna kilichojibu. Lakini kesho yake alirudi kugomba tena, na keshokutwa. Ikafika siku akajishtukia: mtu hagombani kila asubuhi na kiti kitupu. Kumbe aliamini kwamba yupo anayesikia. Siku nyingine ugomvi haukuwepo, akasimulia mambo ya shule tu. Uchungu haukuondoka. Ila hakuubeba peke yake tena.

Muhula uliofuata, bila kumwambia mtu, alipita kwenye karakana ya mchungaji.

"Nataka kubatizwa."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Na hasira?"

"Ipo kidogo. Lakini siku hizi namwambia mwenyewe. Halafu nabaki naye."

Mchungaji akaweka randa chini, akavuta stuli. Sindano akaeleza, kwa kukatakata, huku akijifuta pua.

Siku alipobatizwa, mama mdogo alimfuta kichwa kwa taulo nyuma ya kanisa. Sindano akaanza kulia.

"Ningetaka mama awepo."

"Hata mimi, mwanangu." Taulo likasimama. "Nisamehe. Ile Jumapili niliona aibu. Nilitaka uingie majini ili mimi nitulie roho, si kwa ajili yako. Sisi wakubwa tunaweza kukufundisha, kukuombea, kukusindikiza. Kuamini kwa niaba yako hatuwezi. Mbele ya Mungu kila mtu atasimama na jibu lake. Ile 'bado' yako ya kweli ilikuwa bora kuliko 'ndiyo' ya kuazima."

Sindano akajifuta macho. "Tupitie makaburini kwanza."

"Umelowa, utapata mafua."

"Najua."

Mama mdogo akamvisha kitenge chake mabegani. Wakashika njia ya makaburini, viatu vya Sindano vikilia maji kila hatua.