Mti Mwekundu wa Mama Noel

Siku ile nilitoka mashine ya kusaga jua likiwa limeshaanza kushuka. Ndoo ya unga kichwani, vumbi mpaka magotini. Ilikuwa Februari, mwezi ambao Kinyangiri yetu huwa ya kijani na mahindi yamefika kifuani. Mwaka ule yalifika magotini yakakomea hapo. Mvua ilikatika baada ya Krismasi, haikurudi.

Baba mdogo Manase alinisimamisha karibu na kanisa. Alikuwa juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, anahema.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Rahel, tua hiyo ndoo."

Nikaitua.

"Nenda kamtoe dada yako pale nyumbani. Sasa hivi. Asihangaike kubeba kitu."

"Kuna nini?"

"Watu wamekaa kikao kwa Elina. Wanakwenda kuukata ule mti." Alitazama pembeni. "Na wakishaukata... Rahel, wana mafuta ya taa."

Hakuniambia kama na yeye alikuwa kwenye kikao hicho. Sikumuuliza. Niliiacha ndoo palepale, nikaanza kukimbia.

Dada yangu anaitwa Theodora, ila kijiji kizima kilimwita Mama Noel, kwa sababu Noel ndiye mtoto pekee ambaye Mungu alimpa. Kijana mpole, mrefu, mwenye mikono ya kupenda udongo. Alipata nafasi ya kwenda Japani kujifunza kazi ya bustani, akabaki kule akimtunzia bibi mmoja mzee bustani yake. Alikuwa akitutumia picha za miti. Mmoja ndio alioupenda kuliko yote. Wenyewe wanauita momiji, wengine husema mepo ya Kijapani. Mti mfupi wa mapambo, matawi yamejipanga kama umechorwa, na majani madogo yaliyochanika kama vidole. Kila jani ni kiganja cha mtoto mchanga.

"Mama, ukifika wakati wake unakuwa mwekundu kama moto," alisema kwenye simu. "Watu wanasafiri kuja kuuangalia tu."

"Unazaa tunda gani?"

"Hauzai kitu."

"Sasa wanaangalia nini?" dada aliuliza, na tukacheka wote watatu, mimi nikiwa nimeegemea bega lake nisikie.

Halafu, Januari moja, Noel alikutwa amekaa chini ya mti huo kwenye bustani ya yule bibi asubuhi, theluji imemfunika mabegani. Moyo ulisimama, walisema. Hakuna aliyejua alitoka nje kufanya nini.

Walimpigia dada simu. Mkalimani alikuwa anaongea Kiswahili cha kubahatisha. Alimuuliza kama anaridhia mwanawe apumzishwe kwa desturi ya kule. Dada akadhani ni habari ya sala. Akajibu, "Ndiyo, baba. Mpumzisheni."

Wakamchoma.

Rafiki yake aliyekuwa akiishi naye, kijana wa Singida mjini anayeitwa Calist, ndiye aliyemleta. Kaboksi kadogo kamefungwa kitambaa cheupe. Na mche wa momiji, mizizi imeviringishwa kwenye majani mabichi, mche ambao Noel aliuotesha mwenyewe kwa mbegu.

Baba mdogo Manase ndiye mkubwa wa ukoo wetu. Alikitazama kile kiboksi muda mrefu.

"Mtu anazikwa," alisema. "Majivu yanamwagwa. Sisi hatujui kuzika majivu."

Basi. Hakuna kaburi lililochimbwa, na matanga hayakukaliwa. Wanawake walikuja wamejifunga khanga wakiwa tayari kulia, wakakuta hakuna maiti, wakasimama uani wasijue wafanye nini, wakarudi makwao. Dada hakutoa hata chozi. Jioni yake alichimba shimo chini ya dirisha la chumba chake, akamimina majivu, akapanda mche juu yake.

Kwa jua letu na upepo wetu, ule mti ulitakiwa ufe kabla ya wiki kwisha. Haukufa. Kwa mwaka mmoja ulipita dirisha, mwaka wa pili ukagusa paa. Na tofauti na Noel alivyotueleza, haukungoja wakati wake, wala haukupukutisha majani. Ulikuwa mwekundu masika na kiangazi. Mwanzoni watu walikuja kupiga nao picha. Halafu mbuzi wa Elina, jirani wa dada, alilala chini ya mti usiku mmoja, akakutwa amekauka, na mdomoni ana utando mweupe kama chumvi. Elina aliugusa, ukayeyuka.

Tangu hapo neno likaanza kutembea. Mama Noel amemfanya mwanawe msukule. Amemfungia kwenye mti. Na mti unakunywa mvua yetu.

Nilifika jua limezama, mbingu bado ina wekundu kidogo. Nilipovuka ua wa miiba, jasho lilinikauka ghafla mwilini.

Baridi.

Si baridi ya Juni, ile tunayoijua. Hii ilikuwa na uzito. Nilipumua, mvuke ukatoka kinywani mwangu... Februari, katikati ya ukame.

Mti ulikuwa umevishwa. Blanketi limezungushiwa shina, juu yake kitenge, na kwenye tawi moja limening'inizwa sweta la shule la Noel, la zamani. Dada alikuwa amekaa chini, ameukumbatia. Mbele yake jiko la mkaa linawaka. Harufu iliyokuwa pale ni ya jivu lililomwagiwa maji.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Hakugeuka. "Rudishia lango. Anapigwa na upepo."

Upepo haukuwepo. Lakini majani yalikuwa yanatikisika. Yote, kwa pamoja, polepole, kama viganja vinavyopigana kwa kujipasha moto.

Pa... pa... pa...

"Dada, twende kwangu. Watu wanakuja."

"Waje."

"Watakuua!"

"Rahel, nipe mkono."

Nilimpa. Nilikaribia kupiga kelele. Mkono wake ulikuwa kama maji ya kisimani alfajiri. Na ulikuwa mwembamba, mifupa mitupu. Nilikuwa nimemwona Jumapili kanisani, amejifunika shuka, sikuona kitu. Sasa niliona. Dada yangu alikuwa anakwisha.

"Kila jioni ananiomba joto," alinong'ona. "Nampa. Nilimtengeneza kwa joto langu, sasa nimnyime kwa nini? Mimi ndiye niliyesema ndiyo, Rahel. Kwenye simu. Nilisema ndiyo."

"Hukujua, dada."

"Yeye anajua kwamba sikujua?"

Ndipo nilipoisikia.

"Mama..."

Sauti ndogo, kavu, ya mtu ambaye meno yanamgongana.

"Mama... baridi."

Mpaka leo siwezi kuapa kama sauti ile ilitoka kwenye mti au kwenye kifua cha dada yangu. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Nadhani ilikuwa imefungwa. Ninachojua ni kwamba ilikuwa sauti ya Noel, mtoto niliyembeba mgongoni. Nikapiga magoti kwenye vumbi.

"Noel," nilisema. "Ni mimi, mama mdogo."

Majani yakanyamaza.

Yote.

Tawi la chini likashuka, bila kitu cha kulishusha, na jani moja likanilalia shingoni. Ubaridi ukaniingia mpaka kwenye meno. Haukuwa ubaya, hilo ndilo linaloniliza mpaka sasa. Ulikuwa mkono wa mtoto anayetafuta pa kushika.

"Unataka nini, baba?" niliuliza. "Tukufanyie nini?"

Kisha, kwa mbali sana...

"Hamjanililia."

Nje, mbwa wakaanza kubweka. Niliona tochi zikija kwa njia ya shambani, nyingi, na kati yake mienge miwili ya moto. Niliwasikia kabla sijawaona sura. Elina alikuwa anasema kwa nguvu kuhusu mbuzi wake, kuhusu mahindi. Mtu mwingine alisema, "Mlango ufungwe kwanza, asitoke." Nikajua wamekuja kumaliza.

Nilisimama langoni. Nilitaka kuwaeleza. Nilitaka kusema dada yangu si mchawi, ni mama. Lakini nilipofungua mdomo maneno hayakuja. Kilichotoka ni kilio.

Si kilio cha woga. Ni kile cha msibani, kile mwanamke anachokitoa mikono kichwani, maiti inapoingia uani. Nilimlilia Noel. Nilimwita kwa jina lake, na jina la babu yake. Nilimwuliza ametuachia nani. Nilisema amekufa peke yake, mbali, kwenye baridi, na hakuna aliyemfumba macho. Nilisema hivyo kwa Kiswahili, halafu kwa Kinyiramba, halafu bila lugha yoyote.

Mienge ilisimama.

Mwanaume mmoja akasema, "Mwondoeni huyo," lakini hakuna aliyesogea. Kisha nikasikia sauti ya pili nyuma ya mwanga. Ilikuwa ya mwanamke, ya kukwaruza. Alikuwa Elina. Noel alimfundisha mwanawe kusoma. Alikuwa ameshika panga, akaliacha lidondoke, akaweka mikono kichwani.

"Noel wee! Noel mwanangu wee!"

Wakafuata wengine. Wanawake wa Kinyangiri walikuwa wameubeba ule msiba miaka yote hiyo bila pa kuutua, na sasa waliutua palepale, njiani, kwenye vumbi. Kilio kilipanda mpaka nikahisi ardhi inatetemeka. Mienge ikainamishwa, ikasuguliwa chini. Baba mdogo Manase alitokea katikati yao, kofia mkononi, machozi yanachuruzika kwenye ndevu zake nyeupe. Kumbe alikuja nao.

"Chimbeni kaburi," alisema. "Kule kwa wazee. Tumzike mtoto."

Ndipo nyuma yangu niliposikia mlio kama wa mvua.

Niligeuka. Majani yalikuwa yanaanguka. Yote kwa mkupuo, mpaka matawi yakabaki meupe kama mifupa ya samaki. Na ule ubaridi ukaondoka, joto la Februari likarudi uani kama mtu aliyekuwa amefungiwa nje.

"Dada!" nilimkimbilia. "Dada, umewasikia? Wanamlilia! Watamzika!"

Alikuwa bado ameukumbatia mti. Shavu lake kwenye shina, macho ameyafumba. Majani mekundu yalikuwa yamemfunika mpaka kiunoni. Nilimfagia usoni kwa kiganja. Kwenye nyusi zake na kwenye kope kulikuwa na vipande vidogo vyeupe, vinang'aa kwenye mwanga wa jiko.

Theluji. Mimi sijawahi kuiona theluji maishani mwangu, lakini niliijua.

Ikayeyuka mbele ya macho yangu, ikamshuka mashavuni kama machozi. Dada yangu alikuwa ameshakwenda.

Zahanati walisema ni mwili kuishiwa nguvu, alikuwa hali chakula. Inawezekana. Mzee mmoja mganga alisema mti ule ulikuwa na pepo wa ugenini, akataka kutufanyia dawa. Mchungaji alisema tuombe. Tuliomba.

Lakini hakuna kati yao aliyeweza kufungua mikono yake. Wanaume wanne walijaribu, taratibu, kwa heshima. Mwishowe baba mdogo alisema waache. Wakaukata mti juu ya kichwa chake, wakauchimba chini pamoja na udongo wake, wakambeba dada yangu hivyohivyo, na mwanawe mikononi. Tukawazika kaburi moja. Matanga yalikaliwa siku zote zinazotakiwa, na kila mtu alikuja.

Mvua haikunyesha usiku ule, kama wengine wanavyosimulia. Ilinyesha baadaye, kidogo, ikaokoa mtama, mahindi haikuyaokoa.

Wiki ile ya matanga simu yangu iliita. Namba ndefu, ya nje. Alikuwa Calist, ameshairudia kazi yake kule Japani.

"Shikamoo, mama mdogo. Pole na msiba."

"Marahaba. Ahsante, mwanangu." Kisha nikashtuka. Hatukuwa tumempigia. "Nani amekwambia?"

Nilisikia upepo kwenye simu yake.

"Mama mdogo, yule bibi mwenye bustani amenipigia. Anasema usiku mmoja aliamshwa na kilio cha wanawake wengi, kwa lugha asiyoijua. Akafungua dirisha. Theluji inaanguka. Chini ya ule mti aliona mama mmoja mweusi, miguu mitupu, amekaa. Amempakata Noel."

Niliibana simu sikioni.

"Nilidhani ni uzee," Calist aliendelea. "Nikaenda kumwangalia. Jana jioni."

"Ukaona nini?"

"Hawajaondoka, mama mdogo. Wamekaa tu. Hawatazami mtu." Akavuta pumzi. "Bibi anaogopa. Anauliza amwite kuhani wake, au afanyeje."

Uani kwetu wanawake walikuwa wanapepeta mtama wa mwaka jana. Mmoja wao alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa chini. Tulikuwa tumewazika. Tulikuwa tumelia mpaka tukakauka. Nilidhani wamefika.

"Calist," nilisema, "mwambie asiwafukuze."