Mkono Ndani ya Injini

Jua la Januari katika Minnesota huondoka kama karani wa serikali: mapema, na bila kuaga. Byamungu alipofika yadi ya Frogtown lilikuwa limeshazama, na theluji aliyotakiwa kuizoa kwenye maegesho ya maduka ya Maple Grove ilikuwa bado inamwagika.

Alimkuta bibi kizee wake ukutani: tingatinga la manjano, kuukuu kuliko yeye mwenyewe. Mashine ya umri ule haiwashwi hivihivi kwenye baridi. Hulazwa ikiwa imechomekwa waya wa umeme, hita iipashe injini hadi siku ya pili. Bila hivyo dizeli huganda kama samli.

Waya ulikuwa chini. Umechomolewa.

"Rigobert," Byamungu alisema, meno yamekutana.

Rigobert alikuwa msimamizi wa yadi, mtu wa Bukavu kama yeye, mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani kwao. Ofisi ilitaka umeme upunguzwe, naye alipunguza. Mwaka uliopita alipunguza vivyo hivyo, na Nahashon akafa.

Nahashon, Mkisii aliyeliendesha tingatinga hilo kabla ya Byamungu, alikuwa na desturi yake. Kabla ya kutia mkono kwenye injini, aliuchomoa ufunguo na kuuweka mfuko wa kifuani. Kisha aligonga chuma kwa spana, ko, ko, na kutaja jina lake kwa sauti: "Nahashon yuko ndani!" Jioni ile alikuwa akivunja barafu kwenye mkanda wa feni. Mtu akawasha.

Ripoti ilisema marehemu alisahau ufunguo wake kwenye swichi. Ofisi ikanunua maandazi, ikabandika picha ya mzungu mwenye kofia ngumu anayechekelea usalama, ikamaliza. Byamungu ndiye aliyemlaza Nahashon kwenye theluji, na aliupapasa ufunguo ule mfukoni mwa maiti. Alipokwenda kusema, walimshukuru kwa mchango wake na kumwarifu kwamba uchunguzi umefungwa. Serah, mjane, akabaki na mume mzembe.

Ufunguo wa pili ulikuwa mmoja tu. Ulining'inia kiunoni mwa Rigobert.

"Mupaka saa hii haiyawaka?" Rigobert alitokea akipuliza mvuke. "Wateja wananipigia simu, ndugu!"

"Mulichomoa waya, chef." Ndivyo Byamungu alivyomwita bosi, kwa Kifaransa cha kwao.

"Amri ya ofisi."

"Na mkanda umeshikwa na barafu."

"Weye mutu wa milima unaogopa barafu? Leta nyundo. Nikuonyeshe kazi."

Alifungua ubavu wa mashine, akazamisha mkono hadi begani. Byamungu aliuweka ufunguo wake juu ya boneti, mbele ya macho ya Rigobert.

"Taja jina kwanza, chef. Nahashon alikuwa anataja."

"Nahashon alikuwa anasema mengi. Kinywa chake kiko wapi leo?"

Hasira aliyokuwa nayo Byamungu ilikuwa imemtia joto mwaka mzima kuliko koti lolote la msaada. Aliisikia ikimpanda kifuani… shingoni… hadi kwenye ulimi.

Ndipo ikaja harufu. Chai ya tangawizi. Ile ya chupa ya Nahashon.

Ko. Ko.

"Byamungu, acha michezo. Shuka huko juu."

"Niko nyuma yako, chef."

Rigobert aligeuza shingo taratibu. Akamwona Byamungu. Akauona ufunguo kwenye boneti. Akapapasa kiunoni kwa mkono ulio huru. Wa kwake ulikuwepo. Wote wawili wakainua macho kwenye kibanda cha dereva. Kioo kilikuwa kimefunikwa na barafu. Kwa ndani, mtu alikuwa akiifuta… polepole… kwa kiganja.

"Nivute," Rigobert alinong'ona. "Glavu imenata."

Swichi ikalia. Tk.

"Ni mimi!" Sauti ya kwanza ya kwaya ilipasuka. "Ni mimi niliwasha! Nilikuwa na haraka, Nahashon! Nihurumie!"

Byamungu alikuwa karibu naye kiasi cha kumshika koti. Angeweza kumvuta. Angeweza kusema, "Nahashon, basi, amekiri." Maneno yalifika mdomoni, na hasira ikayameza.

Injini isiyopashwa moto, ambayo hata fundi huibembeleza mpaka achoke, ikaitika mara moja.

Rigobert hakufa. Mkono ndio ulioondoka. Mtaalamu wa kampuni alisema nyaya kuukuu hugusana kwenye baridi. Ofisi ikabandika picha ya pili. Rigobert naye anawaambia waumini kwamba Byamungu ni mulozi, mchawi, na Jumapili benchi analokalia Byamungu hubaki lake peke yake. Kuhusu nani aliwasha mwaka ule, hajarudia tena. Lakini Byamungu alimpigia Serah simu, akamweleza jinsi Rigobert alivyokiri.

"Alitaja jina la mume wangu?" Serah aliuliza.

"Alilitaja."

Serah alilia, akakata simu.

Tingatinga bado linafanya kazi. Siku hizi waya hauchomolewi na mtu. Juzi machweo Byamungu alitia ufunguo mfukoni, akafungua ubavu, akanyoosha mkono. Chuma kilikuwa na joto la paji la uso wa mgonjwa. Huko juu, harufu ya tangawizi.

Ko. Ko.

Mkono ukaganda hewani. Alikumbuka nani alisimama karibu na Rigobert jioni ile, na hakumvuta.

"Byamungu yuko ndani," alisema.

Akangoja kusikia kama hilo linatosha.