Mamzeli Sijui

Kama mvua isingenyesha asubuhi ile, Benitha angepita barabara ya nyuma akaenda zake kazini, na mimi nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini ilinyesha, tuishukuru. Barabara ya nyuma ikawa tope tupu, naye akakatiza katikati ya soko la Mbarara, sketi ya buluu ameipandisha kidogo isiguse maji, viatu vyeupe mkononi. Mrefu, nywele amezisuka mistari myembamba hadi kisogoni, na alikuwa na haraka.

Haraka ilimwisha mbele ya kibanda cha vitenge. Mwenye kibanda, kijana aitwaye Mihigo, alisimama juu ya stuli akitundika kitenge kipya cha rangi ya haradali, mikono ya shati ameikunja hadi mabegani. Benitha akamkodolea macho. Mihigo akaona anatazamwa, akakaza msuli kidogo. Wanaume, bwana.

"Karibu, mamzeli. Unaangalia kitenge ama unaangalia mukono?"

"Mukono."

Mihigo nusura aanguke na stuli yake. "Iko muzuri, eh?"

"Iko na kovu ya chanjo. Shuka nione."

Akashuka, atafanyaje. Benitha akaligusa lile kovu kwa kidole, kiduara kidogo kilichobonyea, akamweleza pasipo kutabasamu kwamba anafanya kazi kwenye utafiti wa watoto wachanga, na kutazama kovu la chanjo ya kifua kikuu ni sehemu ya kazi yake.

"Walikuchoma fasi gani?"

"Kwetu Kongo, juu kule Minembwe. Mama alinibeba mu mugongo, akatembea siku muzima."

"Umupe aksanti."

"Nitamupa. Na weye nikupe nini?"

"Nipe njia, nimechelewa."

Alimpa njia, ila kwanza aliomba namba ya simu. Benitha akaitaja, kisha akajiuliza hadi kazini kwa nini ameitaja.

Wote wawili walikulia kambi moja ya wakimbizi, Nakivale, Benitha zoni moja, Mihigo zoni nyingine iitwayo Rubondo, wakawa hawajawahi kuonana hata kwenye bomba la maji. Basi simu zikaanza. Mihigo alipiga jioni akifunga kibanda, Benitha akapokea akipika.

"Sheri wangu, nimekuwa nikifikiri ile sindano. Mimi sijawahi kuugua kifua. Mafua inanipita mbali. Ni ile sindano?"

"Sijui."

"Haujui namna gani, na weye unavaa koti nyeupe?"

"Ile chanjo ilitengenezwa kwa kifua kikuu, basi. Lakini kuna wanaoshuku kwamba ikiingia kwa mutoto muchanga, inaamsha mwili, mwili unajifunza kupigana hata na magonjwa ingine: mafua, nimonia, vikohozi ambavyo haviihusu. Ndiyo tunauliza."

"Na jibu?"

"Sijui, Mihigo. Tungejua hatungeuliza."

Mihigo akacheka hadi mwenye kibanda cha pili akageuka. "Kuanzia leo jina yako ni Mamzeli Sijui."

"Unanipenda hivyo hivyo?"

"Mingi."

Ikapita miezi ya chipsi za Ijumaa na soda moja ya mirija miwili. Mihigo alimshonea gauni kwa kile kitenge cha haradali, likamkaa kiunoni vizuri mno, na Benitha akalivaa kanisani Jumapili tatu mfululizo bila kuona haya.

Sasa dada yake Mihigo, Kanyange, alikuwa mjamzito, na mume wake alikuwa Kampala akitafuta kazi. Kanyange alishamzika mtoto mmoja Rubondo. Kifua kilimbana kichanga yule usiku mmoja, asubuhi hakuwepo. Kwa hiyo siku za kujifungua zilipokaribia, Mihigo alimleta Mbarara akae karibu na hospitali, na moyoni alikuwa na ombi moja tu: kifua cha huyu kiwe salama. Mtoto akazaliwa, wa kiume, wakamwita Cyiza.

Kwenye kliniki ya utafiti, Benitha alimweleza Kanyange taratibu, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Watoto wote watachanjwa. Wengine leo, wengine wakifikisha wiki sita. Nani apate lini, ni kura. Kisha watafuatiliwa, ionekane kama wa mapema wanaugua vikohozi vichache. Akitaka kukataa akatae, mtoto atachanjwa kama kawaida na hakuna atakayemnunia.

"Nimekubali," alisema Kanyange. "Lakini muvutie weye, Mihigo. Mukono yangu haina bahati."

Mihigo akanyoosha mkono kwenye boksi la karatasi zilizokunjwa. Kabla ya kuchukua akamtazama Benitha usoni, akingoja ukope utikisike, kidevu kielekee upande. Benitha alikuwa akitazama ukutani. Mihigo akavuta karatasi. Wiki sita.

Tusimlaumu haraka. Mtu aliyekulia kwenye foleni za kambini anaamini kwamba ukiwa na ndugu yako nyuma ya dirisha, hukosi kunong'onezwa. Mihigo alitoka pale na kidonda moyoni, akakifunika kwa tabasamu.

Cyiza alikuwa na mwezi alipoanza kukohoa. Siku ya pili mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Wakamkimbiza wodi ya watoto, akawekewa oksijeni, mrija mwembamba puani, na Kanyange akaketi pembeni bila kulia, maana machozi alishayamaliza kwa yule wa kwanza. Benitha akaja mbio na chupa ya uji. Mihigo akamsimamisha mlangoni.

"Ulijua."

"Nilijua nini?"

"Karatasi ya muzuri ilikuwa fasi gani. Weye ni mutu yetu wa ndani, Benitha. Nilikuangalia. Ukaniacha nivute ya mubaya."

"Hakukuwa na ya muzuri na ya mubaya. Sikujua ndani imeandikwa nini, na hata ningejua, sijui ipi—"

"Sijui, sijui. Enda na sijui yako."

Benitha aliweka uji chini, akaondoka. Maneno yale yalimchoma, kwa sababu yeye pia alikuwa ameogopa siku ile ya kura, na alitazama ukutani ili Mihigo asiione hofu yake. Jioni alipiga simu. Mihigo akaitazama ikilia hadi ikanyamaza. Hata hivyo kila asubuhi uji ulifika wodini, ukiletwa na muuguzi, na Kanyange aliunywa.

Kitanda cha jirani alilazwa mtoto wa kike, naye na mrija puani. Mama yake, Constance, Mnyankole mchangamfu mwenye kilemba cha kijani, alikuwa akimsaidia Kanyange kufua nepi. Siku moja Mihigo akaona kwenye mkono wa yule mtoto kijipele chekundu.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni ya sindano. Sisi tuko kwa ile utafiti. Mimi nilitoa karatasi, wakasema leo leo. Wakadunga siku ile alizaliwa." Constance akavuta shuka, akamfunika mwanawe vizuri. "Nilifurahi sana. Sasa ona, tuko hapa na nyinyi."

Mihigo akamtazama yule mtoto. Karatasi ile aliyoitamani ilikuwa imelala pale kitanda cha pili, ikihema kwa shida sawasawa na Cyiza. Aibu ikampanda kutoka miguuni.

Mungu ni mwema. Cyiza alianza kunyonya tena siku ya nne, na yule wa Constance akafuata. Siku walipotolewa, mama hao wawili walikumbatiana kama ndugu. Kanyange akarudi Rubondo, na Jumapili Kabanyana, mama yao, akampigia Mihigo simu.

"Tumetoa shukrani leo kanisani. Nimeshukuru Mungu, nimeshukuru ile mashini ya hewa, nimeshukuru banganga bote ba ospitali. Na nimesimama nikataja Benitha, binti ya uji. Kanisa yote imepiga makofi. Na weye umemushukuru?"

"Bado, Mama."

"Eh. Mimi nilikubeba siku muzima kwa sindano moja, na nilikuwa sijui itafaa nini. Weye hata kuvuka barabara unashindwa?"

Kesho yake hakufungua kibanda. Alivaa shati jeupe, akachukua kifurushi, akaenda kliniki, akasogea moja kwa moja hadi kwenye meza ya Benitha.

"Panga foleni," alisema Benitha bila kuinua macho. Alikuwa amevaa lile gauni la haradali ndani ya koti, lakini sauti ilikuwa baridi.

Akapanga. Mwanaume peke yake kati ya akina mama na vichanga vyao, wakimtazama na kucheka. Wakamwomba awashikie mtoto, akashika. Mmoja akamkojolea shati. Zamu yake ilipofika, jua lilikuwa limeshakaa utosini.

"Mutoto iko wapi?" aliuliza Benitha.

"Iko Rubondo, anashiba. Nimekuja na maulizo."

"Uliza."

"Ile chanjo, inazuia vikohozi ingine?"

"Sijui. Cyiza na jirani yake ni watoto wawili tu, wawili hawatoshi kutuambia. Bado tunauliza." Machozi yakamlengalenga. "Ningejua, Mihigo, hakuna mutoto hata mumoja angevutiwa kura. Wote ningewachoma siku ya kwanza, na wako wa kwanza kabisa."

"Ndiyo nimeelewa. Nilitaka unidanganye kwamba unajua, na weye ulisema kweli sababu ulikuwa unanipenda. Unisamehe. Na aksanti ya uji, aksanti ya kila kitu."

Nyuma yake akina mama walishaacha kucheka. Akafungua kifurushi: vitenge viwili vya sare, kimoja cha mke, kimoja cha mume, vya rangi ile ile ya haradali.

"Iko na ulizo ingine. Ya mwisho. Utakubali nikuoe?"

Benitha akafuta macho kwa mkono wa koti, akavuta vile vitenge upande wake wa meza.

"Hiyo," alisema, "hiyo najua."