Diski ya Mushagalusa

Giza lilikuwa linaanza kuingia Bukoto, mwezi wa nane mwaka 2009, nilipotoka kwenye fleti yetu kwenda kununua vifaa vya kompyuta. Nasema yetu kwa mazoea tu. Mke wangu Nakhisa alikuwa amefariki miezi mitano nyuma.

Tulitoka Bungoma pamoja. Kazi yetu hapa Kampala ilikuwa kuchapa kadi za harusi nyumbani, kwa kompyuta moja kuukuu. Usiku aliofariki, mimi nilikuwa mbele ya kompyuta hiyo. Nilimwacha wodini jioni, nikamwahidi kurudi kabla hajalala. Kulikuwa na kadi za mteja, na kadi hizo ndizo zingenunua dawa. Mashine ikaganda. Nikaizima, nikaiwasha, ikaganda tena. Nilipofika wodini saa moja asubuhi, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa.

Tangu hapo sikuweza kuvumilia kuiona mashine ile ikisuasua.

Mushagalusa alikuwa fundi kutoka Bukavu, na duka lake lilikuwa nyuma ya soko. Nilimweleza uwezo wangu, naye hakunicheka. Akanishauri niachane na wazo la kununua prosesa mpya. Nianze na pawasaplai mpya, kile kisanduku kinachoipa mashine umeme, maana ile mbovu ingeweza kuunguza kila kitu, na umeme wa huku tunaujua. Kisha niongeze memori, lakini ya aina inayoingia kwenye ubao wa mashine yangu, si yoyote ile. Pesa iliyobaki haikutosha diski mpya ya kuhifadhia kazi. Ndani ya boksi nikaona moja iliyotumika, ikiwa na mkwaruzo ubavuni. Nikaichukua.

Mushagalusa akanitazama. Alinitazama sana.

"Papa, unataka hiyo kweli?"

Nikasema ndiyo. Akaifunga kwenye gazeti.

Nyumbani nilifunga kila kitu mahali pake, nikaingiza programu upya, nikabonyeza kitufe. Iliwaka upesi. Upesi kiasi kwamba nilikaa kitini nikalia. Kumbe ingewezekana. Kumbe usiku ule ningemaliza mapema, nikarudi kwake.

Halafu nikaisikia diski.

Tik... tik...

Kimya.

Tik...

Kama mtu anayevuta pumzi kwa shida. Na ikaja harufu ya dawa ya mikaratusi, ile niliyokuwa nikimpaka Nakhisa kifuani. Chupa yake niliitupa siku ya mazishi.

Nilikuwa nimeifuta diski yote mwenyewe. Sasa ndani yake palikuwa na faili moja ya sauti. Tarehe yake ilikuwa ya usiku aliofariki.

Nikaifungua.

Mwanzo zilikuwa pumzi tu. Nilizijua. Nililala kando ya pumzi hizo miaka tisa. Kisha...

"Wanjala... umerudi?"

Kusikia jina langu, nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mwanamume akamjibu, kwa upole.

"Nimerudi. Niko hapa."

Ilikuwa sauti yangu.

Mtu huyo alimwambia yote niliyokuwa nimepanga kumwambia. Kwamba Desemba tungekwenda nyumbani. Kwamba anisamehe kwa yale maneno ya Jumapili, ambayo hakuna mtu mwingine aliyeyasikia. Nakhisa akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. Kisha pumzi zikawa moja... moja...

Zikakoma.

Kiti kikasogezwa. Nyayo zikaondoka. Hazikuwa za mtu mmoja.

Kulipopambazuka nilikuwa mlangoni kwa Mushagalusa. Nikamuuliza taratibu ni nani aliyemuuzia ile diski. Akaweka chini bisibisi.

"Ni weye mwenyewe, papa. Mwezi wa tatu, asubuhi sana. Ulikuwa unanuka dawa. Jana nilidhani unaona haya, ndiyo maana nikanyamaza."

Sikuwahi kumuuzia kitu. Na tarehe aliyonionyesha kwenye daftari lake ilikuwa ya asubuhi ile nilipokuwa kwenye korido ya wodi, nikiuliza wamempeleka wapi mke wangu.

Adero, jirani yangu, huisikia faili hiyo kupitia ukuta kila ninapoicheza. Ameniomba niichome diski. Nimeshawasha kiberiti mara mbili, mara zote mbili nikakizima. Sina mahali pengine ninapoweza kumsikia Nakhisa.

Nimeisikiliza mara nyingi mno, kwa hiyo nayajua maneno ya mwisho, yale ya chini kabisa kabla ya pumzi kukoma. Yule mtu anamuuliza kama waende sasa.

"Twende," Nakhisa anasema. "Nishike mkono."

Sijui alikuwa nani. Najua tu kwamba Nakhisa alimpa mkono akidhani ni mimi, akaondoka naye ametulia, wala hakujua kwamba mimi nilikuwa bado sijafika.