Tiara ya Njiti za Ufagio

Kila nikirudi kutoka shule nilikuwa na kazi tatu: kuvua mabuti mlangoni nisije nikaloanisha zulia, kupasha moto chakula alichokiacha Mama, na kuhakikisha babu yangu amekula. Mbili za kwanza zilikuwa rahisi. Ya tatu ilinishinda tangu mwezi wa kumi na moja.

Babu yangu ni Madatali, lakini nyumbani tunamwita Bapa, kama Waismaili wengi wanavyowaita babu zao. Mimi ni Tazmin, mjukuu wake wa pekee. Wazazi wangu na mimi tulihamia Toronto kutoka Tanga nilipokuwa na miaka tisa, na sasa nina kumi na mbili. Bapa alitufuata mwezi wa sita, baada ya bibi kufariki. Alipofika alikuwa mtu wa maneno mengi. Kiingereza chake kilikuwa cha kununua na kuuza tu, lakini hakikumzuia. Alizunguka mtaa wetu wote wa Don Mills, akawajua wauza matunda mmoja mmoja, akatangaza kwamba zabibu za huku hazina ladha ila wauzaji wana adabu.

Halafu baridi ikaingia, na giza nalo. Tanga jua linatua saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima. Mtu aliyezoea hivyo, utamwelezaje kwamba huku mwezi wa kumi na mbili linazama kabla ya saa kumi na moja? Bapa alikihamishia kiti chake karibu na kabati, akaligeuzia dirisha mgongo. Kwanza aliacha kutembea. Kisha akaacha kwenda jamatkhana, nyumba yetu ya sala, hata siku ya Ijumaa, yeye ambaye Tanga hakukosa jioni hata moja. Kisha akaanza kurudisha sahani zimejaa.

Mwisho akaacha kusema kesho. Zamani kila jambo lake lilikuwa "kesho, inshallah". Sasa ukimwambia kesho tutafanya hiki au kile, alipunga mkono kama anayefukuza nzi.

Wazazi wangu hawakuwa wabaya, walikuwa wamechoka. Baba aliendesha gari hadi ghala anakofanya kazi, Brampton nje ya jiji, akaondoka na giza na kurudi na giza. Mama alikuwa famasini mpaka saa mbili usiku. Wakimuuliza Bapa hali, aliwajibu, "Salama tu, namshukuru Mungu," nao wakashukuru na kwenda kulala. Aliyeziona sahani ni mimi.

Katikati ya Desemba nilimpeleka kliniki, kwenye jengo la jirani, akapimwe presha. Daktari wetu ni Alicia Pinto. Wazazi wake ni Wagoa waliotoka Nairobi, lakini yeye amezaliwa hapa hapa, na Kiswahili chake kinaanza na kuishia kwenye "jambo". Kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Akauliza Bapa analalaje. Vizuri. Anakulaje. Alhamdulillah. Anatoka nje? Mara moja moja. Nami, mkalimani hodari, nikatafsiri neno kwa neno huku masikio yakiniwaka moto kwa aibu.

Unajua ilivyo kwetu. Mtu akikuuliza hali, unaanza na salama. Hata kama una msiba nyumbani, salama kwanza, msiba baadaye. Shida ni kwamba daktari wa huku haingoji hiyo baadaye. Dakika zake kumi zinakwisha, anaandika kwamba mzee hajambo, na mgonjwa mwingine anaingia. Tukarudi nyumbani tukiwa tumeandikwa wazima, na jioni ile Bapa alikula kijiko kimoja cha wali.

Januari ilikuwa mbaya zaidi. Jioni moja nilimletea chai, akaiangalia tu.

"Tazmin," akasema, "mimi nimeshakwisha. Ninakaa kumalizia siku."

Nilikwenda bafuni, nikafungulia maji, nikalia. Tangu hapo na mimi nikawa kama yeye. Wenzangu walinigongea mlango twende tukateleze kwenye theluji ya kilimani juu ya maboksi, nikasema nina kazi za shule. Sikuwa na kazi yoyote. Nilikaa chumbani na taa imezimwa. Niliogopa kwamba siku moja nitarudi nikute kiti kile kitupu, na kwamba kosa litakuwa langu, maana nilijua na nilinyamaza.

Siku ya kurudi kliniki ikafika. Daktari Alicia akauliza maswali yake yale yale, Bapa akajibu majibu yake yale yale. Safari hii sikutafsiri. Nilisema kwa Kiingereza kwamba babu yangu halali, hali, hatoki, na ameniambia amekwisha. Kumsahihisha mkubwa mbele ya mgeni si jambo dogo kwetu. Tena Kiingereza kile kilikuwa chepesi, na nilijua Bapa anakielewa.

Daktari akaiweka kalamu chini, akasogeza kiti mpaka karibu naye, akangoja.

"Kuna giza," Bapa akasema mwishoni. "Mwambie kuna giza, basi."

Nikamwambia. Daktari akamtoa damu ya kupima, akasema majira haya huwaangusha watu wengi, hata waliozaliwa huku, na si uvivu wala upungufu wa imani. Wakati tunangoja majibu, dawa yake haikuwa ya kununua. Bapa atoke nje kila siku wakati wa mwanga, hata robo saa, na mchana ndio bora. Akiwa ndani akae ameelekea dirisha. Ashughulishe mikono. Akae na watu. Hali ikizidi kuwa mbaya tupige simu siku ile ile, tusingoje. Akampigia Mama palepale kumweleza yote.

Njiani Bapa alisema jambo moja tu. "Kutembea, hata mbuzi anatembea. Mbuzi naye ni daktari?" Baada ya hapo hakusema nami tena. Si siku moja wala mbili.

Tulijaribu, lakini wapi. Mama alikigeuzia kiti dirishani. Aliporudi kutoka kazini alikikuta kimerudi kabatini. Ijumaa Baba aliomba ruhusa ampeleke jamatkhana, Bapa akakaa garini, akagoma kushuka. Jumamosi ndiyo iliniua moyo kabisa. Kutoka ghorofa yetu ya kumi na moja niliona jua linawaka na mbingu haina hata wingu, siku ya Tanga kabisa, nikamtoa Bapa bila skafu wala kofia. Sikujua kwamba huku siku yenye jua kali ndiyo mara nyingi yenye baridi kali. Kabla hatujafika kona, macho yalimtiririka machozi na masikio yakawa mekundu. Akageuka akarudi peke yake, nami nyuma yake. Kwenye lifti alisema na ukuta, si na mimi, kwamba hata jua la hapa ni la uongo.

Sikuwa na tumaini tena. Nakwambia kweli, nilichofanya siku iliyofuata sikukifanya kwa ujanja wa kumponya mtu. Nilikuwa nimechoka kulia. Nilikumbuka bibi akisimulia kwamba Bapa alipokuwa mtoto, Ngamiani nzima, mtaa wao wa Tanga, ilimjua kwa tiara zake za karatasi, na nikataka kuona kitu kikiruka. Basi.

Njiti nilizipata kwenye ufagio wa chelewa wa Mama. Ufagio ule aliubeba kutoka Tanga ndani ya sanduku, umefungwa kwa kanga, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Nilichomoa njiti nne. Nikakoroga gundi ya unga wa ngano, nikachukua kisu na karatasi laini ya kufungia zawadi, nikakaa chini sebuleni. Karatasi ilichanika. Nikaanza upya.

"Hiyo hairuki," sauti ikasema nyuma yangu.

Siku kumi na moja hakuwa amenisemesha. Sikugeuka, niliogopa atanyamaza tena. Nikauliza kwa nini hairuki.

"Njiti nene mno. Na gundi umeipaka kama unapiga plasta ukuta."

Nikamwambia mimi ndivyo ninavyojua. Nikasikia kiti kinalia, kisha magoti yanalia, na Bapa akawa chini zuliani pembeni yangu, ananinyang'anya kisu. Alizichonga njiti mpaka zikawa nyembamba. Kila moja aliilaza juu ya kidole kimoja, ikilalia upande huu anapunguza upande huu, hadi ikatulia. Akadai kitambaa cha mkia, akakikataa cha kwanza kwa uzito, akakikataa cha pili kwa rangi. Nikamwambia anachagua kama bwana harusi. Alinikazia macho, lakini hakuondoka.

Mama alirudi akatukuta hivyo. Aliutazama ufagio uliopungua, akamtazama Bapa mwenye unga mpaka viwikoni. Aliingia jikoni akafungulia maji, nayo yakaendelea kutiririka muda mrefu.

Jumapili iliyofuata saa sita mchana tulikwenda kiwanja cha nyuma ya shule. Safari hii nilisoma kwanza kipimo cha baridi, nikamvisha Bapa soksi mbili mbili, kofia, skafu na glavu, mpaka akalalamika kwamba amefungwa kama mzigo. Nilishika tiara, yeye akashika uzi. Nikakimbia, ikaanguka. Nikakimbia tena, ikaanguka kwa kichwa. Ya tatu ilijikokota kwenye theluji kama kuku mgonjwa. Bapa akasema turudi, nami nikaanza kuukusanya mkia.

Halafu Bapa akasimama. Akavua glavu moja. "Na hizi glavu uzi hausikiki," akasema. "Mara moja tu, basi."

Upepo ukaja, akauvuta uzi kidogo kwa vidole vitupu, akauachia, akauvuta. Tiara ikapanda. Ikapita miti, ikapita ghorofa za kwanza za jengo letu, nyekundu kwenye mbingu ya kijivu. Watoto waliokuwa wakiteleza kwa maboksi waliacha wakaja kutuzunguka. Mmoja aliuliza kama babu huyu anafundisha. Bapa hakumsikia. Alikuwa ametazama juu, mdomo wazi kidogo, na vidole vyake vimegeuka vyekundu.

Hazikupita dakika tano, uzi ukakatika. Tiara ikaenda zake ng'ambo ya barabara, ikapotelea bondeni kwenye miti. Nikasema moyoni, basi, hapa ndipo mwisho, atarudi kabatini na hatatoka tena.

Bapa alivipuliza vidole vyake. "Uzi wa kushonea haufai," akasema. "Kesho tutatafuta wa nailoni."

Nilimwomba arudie, nikasingizia upepo. Akarudia. Kesho.

Nisikudanganye kwamba alipona siku ile. Hiyo kesho yenyewe hakutoka kitandani mpaka jioni. Keshokutwa alitoka. Nikapewa ruhusa ya kurudi nyumbani saa ya chakula, maana shule ni ng'ambo ya barabara tu, tukawa tunazunguka jengo mara mbili, siku nyingine bila kusemeshana. Majibu ya damu yalikuja mazuri. Daktari akasema tusiyaache yale tunayofanya, na Bapa aendelee kufika kwake. Jumapili watoto walimngoja kiwanjani na karatasi zao, naye akawagombeza wote kwa lugha mbili. Ufagio wa Mama ukabaki nusu. Lakini sahani nyingine bado zilirudi zimejaa, na mwezi wa pili wote theluji haikukatika.

Ijumaa moja mwishoni mwa mwezi huo tulirudi kliniki. Daktari Alicia akauliza hali. Nikafungua mdomo, Bapa akanishika mkono.

"Mwambie juzi ilikuwa mbaya sana, sikutaka kuamka," akasema. "Jana nusu. Leo nafuu kidogo. Mwambie hivyo hivyo, usiongeze wala usipunguze."

Nilimwambia hivyo hivyo. Daktari aliandika mistari mingi kuliko siku zote.

Tulipotoka, Bapa alikaa kwenye benchi la barazani kufunga vifungo vya jaketi, akaniketisha karibu naye.

"Siku ile nilikukasirikia," akasema. "Niliona umenivua nguo mbele ya mgeni. Kumbe nilikuwa ninazama, na ninawaambia watu naogelea. Salamu wajibu majirani, mjukuu wangu, ni adabu. Lakini anayetaka kukusaidia mpe ukweli, hata ukikuaibisha. Na giza likija usilikalie ukingoja liondoke lenyewe. Tafuta mwanga, tafuta kazi ya mikono, tafuta mtu. Vyote hivyo havinunuliwi, ila kuvifuata ni kazi, na siku nyingine utashindwa. Utajaribu tena."

Nikaitikia kwa kichwa. Akamaliza kifungo cha mwisho, akanigeukia.

"Na wewe je, hali yako?"

Nikafungua mdomo niseme salama. Nikaufunga.

"Sijalala vizuri tangu Desemba, Bapa," nikasema. "Kila siku nikifungua mlango ninaogopa nitakukuta umekufa."

Hakunikemea, wala hakuniambia ninyamaze. Aliivua glavu yake, akaushika mkono wangu kwa mkono mtupu, na tukakaa hivyo mpaka nilipomaliza kulia.

"Haya," akasema. "Kesho saa sita, kiwanjani. Utanieleza yote."