Kioo cha Eedo Raho

Kila siku ya likizo ile ya mwaka 1966, saa tisa alasiri, geti la miiba lilifunguliwa nasi tukatoka kijijini kwenda kisimani. Askari alihesabu watu, akahesabu punda, kisha akatukumbusha kurudi kabla ya saa kumi na moja. Kwa sababu ya vita vya shifta, waasi wa kaskazini, serikali ilikuwa imetukusanya sote mahali pamoja, si mbali na Takaba, na mafuta ya taa hayakuruhusiwa kutoka getini, yasije yakawafikia waasi.

Mimi, Mursal, nilikuwa nimerudi kutoka shule ya bweni Garissa nikiwa msomi mkubwa. Katika mtihani wa mwanga nilipata alama thelathini na nane kati ya arobaini. Mbili zilizobaki zilipotea kwa uonevu, kwa kuwa wiki ile nilikuwa nimemmulika mwalimu puani kwa kioo.

Siku moja ukuta wa kisima ulikuwa umeanza kubomoka. Kama kisima kingejifukia, kijiji kizima kingekosa maji, sisi na mbuzi wetu. Adeer Bare, baba yangu mdogo, aliteremka kwa kamba kwenda kupanga mawe upya. Kina cha kisima kilikuwa kama watu kumi waliosimama mabegani mwa wenzao, na jua la alasiri halikufika huko. Lakini dada yake, shangazi yangu Eedo Raho, alikuwa na kioo kikubwa kama daftari. Kwa miaka mingi alikuwa akikaa ukingoni nacho, akilipokea jua na kulituma chini kwa ndugu yake.

Nilimweleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtu asiyesoma, kwamba mwale wa mwanga hurudi kutoka kwenye kioo kwa pembe ileile uliyoingilia. Kwa hiyo mwenye kujua pembe hana haja ya kukaa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na jua likitembea, mwanangu?"

Nilicheka. Wavuta ndoo za udongo walikuwa wachache, hivyo akanikabidhi kioo akaenda kushika kamba. "Usikiache," alisema. "Macho yake kule chini ni wewe."

Nilikiegemeza kioo kwenye mawe matatu, nikakiinamisha mpaka duara la mwanga likatua miguuni pa Adeer. Ilikuwa kazi safi. Kisha nikaondoka, kwa kuwa rafiki yangu Diriye alikuwa amelala kivulini, na shuka lake lilihitaji kufungwa kwenye mkia wa punda.

Kumnyatia bila kumwamsha kulichukua muda, na nilikuwa kwenye fundo la pili niliposikia sauti kutoka kisimani. Haikuwa ya kupiga kelele.

"Raho, sioni. Nimebeba jiwe."

Eedo hakuweza kuachia kamba. Ndoo ya udongo ilikuwa imefika katikati, juu ya kichwa cha ndugu yake. Alinitazama tu. Nilikimbia. Mawe yangu matatu hayakuwa yamesogea hata kidogo. Jua ndilo lililosogea, na duara la mwanga lilikuwa limepanda ukutani, mbali juu ya Adeer. Nilikishika kioo, nikakigeuza kwa pupa hata mwanga ukarukaruka huku na huku.

"Taratibu," alisema Eedo, huku akivuta. "Macho yake yalizoea mwanga, sasa hayaoni gizani. Shusha kidogo. Kidogo tena."

Mwanga ulimfikia. Adeer alikuwa ameegemea ukuta, jiwe begani, hajajisogeza hata hatua moja. Aliliweka mahali pake polepole.

Alipotoka, bega lake lilikuwa limechubuka. Aliuliza kioo kilipatwa na nini. Nilikuwa na jibu tayari, zuri kabisa, kuhusu mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikuwa pale, mweusi, asiyeweza kujitetea, nami nikamtupia jicho. Kisha nikaliona lile bega.

"Nilikiacha, Adeer. Nilikwenda kucheza."

Aliosha bega lake. Eedo Raho ndiye aliyesema.

"Kitabu chako hakikukosea, Mursal. Lakini jua halisimami, na mtu yuko chini, kwa hiyo anayejua lazima pia akae. Ungemsingizia yule mbuzi uliyemtazama, nisingekupa tena kioo hiki. Kwa kuwa umesema kweli, kesho utakishika."

Kesho yake nilikishika kwa zaidi ya saa nzima, nikikisogeza upana wa ukucha kila mara, shingo ikiungua. Ndipo nilipoelewa kazi aliyoifanya Eedo miaka yote ile bila kupewa alama na yeyote. Nilimsikia Diriye akinyata nyuma yangu na punda wake, kisha shuka langu likavutwa.

Nilimwacha afunge.