Nusu ya Kuo-hua

Mfuko haukuwa umefunguliwa, lakini ulinuka tambuu.

Yu-ting aliijua harufu ile. Miaka kumi na mmoja yeye na Kuo-hua walipeleka namba za siri za benki kutoka Taipei hadi chumba cha kompyuta huko Taichung. Kila mmoja alibeba kadi yenye nusu ya namba, ndani ya mfuko ambao utepe wake ukibanduliwa, neno "umefunguliwa" hujitokeza. Kuona nusu ya mwenzako ni mwiko. Kuo-hua, mtafuna tambuu asiye na kifani, alikufa mwezi wa tatu.

"Dada, utepe mzima na namba ya mfuko ni ileile," alinong'ona Meng-ju, msichana aliyerithi nafasi yake. "Mbona unanuka?"

"Unatafuna tambuu?"

"Mimi? Mama angening'oa meno!"

Meng-ju alipokata utepe na kuingiza mkono alipiga ukelele. Vidole vilitoka na alama za meno, zimezungukwa na mate mekundu ya tambuu.

Yu-ting aliogopa. Lakini tuseme kweli, alifurahi pia. Nafasi ile ilikuwa ya Kuo-hua.

Safari ya tatu Meng-ju aliumwa hadi mfupani. Bosi akamwita Shangazi Ah-hsia, mganga wa hekalu la mtaani. Mama huyo aliitazama mashine ya benki inayoingizwa namba zile, na pakiti ya kijani ya vitafunio iliyowekwa juu yake, kama desturi, ili mashine isilete ukorofi.

"Hii imepita muda wake tangu mwezi wa tano. Nani kaiacha?"

"Ni ya Kuo-hua," Yu-ting alijibu kwa sauti ndogo. "Sikutaka mwingine aweke yake."

Ah-hsia akamgeukia Meng-ju. "Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Huyu dada yako ndiye anayemfuga marehemu."

Pakiti ikachomwa pamoja na ubani, mpya ikawekwa, na Yu-ting akalia kama mjane. Harufu ikatoweka.

Safari iliyofuata Yu-ting alikagua utepe wa mfuko wake mwenyewe, akaukuta mzima, akaukata, akavuta kadi, na chini ya nusu yake palikuwa na nusu ya pili ya namba, kwa mwandiko anaoujua, kwa wino mwekundu uliokuwa bado mbichi, na chini yake maneno haya: Tunatosha sisi wawili.

"Dada, kadi yako iko sawa?" aliuliza Meng-ju.

Yu-ting aliifunika kwa kiganja.

"Iko sawa," alisema.